Waliozaliwa Tarehe Mosi Januari

Watu waliokwenda kusajili watoto katika ile ofisi iliyo nyuma ya mahakama walimjua kwa kidole kabla ya kumjua kwa sura. Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilikuwa na doa la wino lisilotoka kwa sabuni wala ndimu, na kwa ajili ya doa hilo wakamwita Mama Wino. Hakukasirika. Jina lake kamili lilikuwa limechongwa kwenye kibao cha mbao juu ya meza yake, ila hakuna aliyekisoma, kwa kuwa kibao chenyewe kilikuwa kimeelekea ukutani tangu meza zilipohamishwa kupisha kompyuta.

Aliajiriwa kwa sababu ya mwandiko. Darasa la saba alilimaliza vizuri, lakini sekondari haikuwezekana, na dada yake mkubwa, aliyekuwa fundi cherehani, ndiye aliyempeleka ofisini kwa mkono, akamwambia msajili wa wakati ule, "Huyu mdogo wangu anaandika kama mashine, mjaribuni." Wakamjaribu. Msajili akautazama ukurasa, akautazama uso, akasema aanze Jumatatu.

Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba watu wazima wote wasio na vyeti vya kuzaliwa waende wakasajiliwe. Walikuja kwa mamia. Walikuja na wazazi wao, shangazi zao, wengine peke yao na barua ya mjumbe. Wengi walijua mwaka kwa kukadiria, na siku hawakuijua kabisa. Msajili alikuwa mtu wa haraka. Akatoa amri moja akiwa amesimama mlangoni.

"Asiyejua siku yake, andika tarehe mosi Januari. Mwaka mkadirie kwa mvi. Twende, twende, foleni imefika barabarani!"

Mama Wino akaandika. Akaandika mosi Januari asubuhi, akaandika mosi Januari mchana, mpaka mkono ukajua njia wenyewe. Jioni, akiwa kwenye sala, jambo lile lilimkera. Ulikuwa uongo mdogo, tena wa amri, lakini ulikuwa uongo, na ulikuwa kwa mwandiko wake.

Basi akatafuta pa kupumulia. Kila daftari la usajili lilikuwa na safu ya mwisho upande wa kulia, nyembamba, iliyoandikwa juu yake "Maelezo". Makarani wengine waliiacha tupu. Yeye akawa anauliza, kisha anaandika humo maneno ya mzazi kama yalivyotoka mdomoni. "Mwaka wa nzige, mahindi yalikuwa yamefika magotini." "Siku ghala la pamba lilipoungua, moshi uliingia hadi chumbani." "Hajui. Shangazi aliyejua amefariki." Msajili alipoyaona akacheka. "Wewe unaandika riwaya au unasajili watu?" Lakini hakumkataza, kwa vile foleni ilikuwa inasogea.

Siku mojawapo mama yake mzazi alifika na yule dada, fundi cherehani, aliyezaliwa nyumbani na hakuwa na cheti. Mama Wino aliandika taarifa za dada yake kama anavyoandika za mtu baki. Tarehe mosi Januari. Kwenye safu ya mwisho akajaza aliyoyasema mama, akagonga muhuri, akaita, "Anayefuata!"

Miaka ikaenda. Akaolewa, akazaa watoto wawili, akafiwa na mume. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, kila mmoja akashika njia yake. Yeye akarudi kuishi na dada yake katika nyumba ya vyumba viwili, cherehani ikiwa chumba cha mbele, karibu na dirisha. Walikuwa kidole na pete, isipokuwa waligombana kila siku kuhusu chumvi na redio.

Kisha ukaja mfumo.

Mkataba ulisainiwa makao makuu, na kampuni yenyewe ilikuwa ng'ambo. Wakaletwa watu wa kuchapa madaftari yote kwenye kompyuta, miezi minane, kutwa. Mama Wino alikuwa anawasomea majina. Siku ya pili tu akamwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye upara na funguo nyingi kiunoni.

"Fundi, hii safu ya maelezo wanairuka."

"Mfumo hauna nafasi yake, mama."

"Hauna kabisa?"

"Waliotengeneza hawakuiweka."

"Si uwaambie waiongeze?"

Fundi akacheka mpaka funguo zikalia. "Mama, mimi hapa nikitaka kubadilisha rangi ya kitufe, lazima niombe ng'ambo. Niongeze safu?"

"Na haya majina mnayoyachapa yanawekwa wapi?"

"Kwenye wingu."

"Wingu la wapi?"

"La wenyewe," alisema fundi, akaondoka.

Kazi ilipokwisha, madaftari mia moja na kumi na tatu yakapelekwa stoo. Vyeti vitupu vya kuandika kwa mkono vikafungwa kabatini. Mashine ya muhuri, chuma kizito chenye mpini kama wa pampu, kilichokuwa kinapiga nembo ya serikali kwenye karatasi ikatokeza kama upele, ikawekwa mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Lazima niseme kwamba mfumo ulikuwa mzuri. Cheti kilichochukua wiki mbili kikawa kinatoka kwa dakika kumi, na akina mama wenye watoto mgongoni wakaacha kulala barazani. Mama Wino mwenyewe aliusifu. Wino ukaanza kufifia kwenye kidole, ingawa haukuisha.

Miaka mitano ikapita hivyo, bila tatizo.

Wakati huo macho ya dada yake yalikuwa yameanza ukungu. Alianza kwa kulalamika kwamba sindano za siku hizi zina matundu madogo. Baadaye akawa anamwita mtoto wa jirani amtungie uzi. Hospitali ya serikali wakamwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limeshaziba, la kulia linafuata. Madaktari wa upasuaji wa macho walikuwa wanakuja mara moja tu kwa mwaka, siku tatu. Akaandikishwa. Daktari akamwambia wazi, "Mama, usikose kambi hii. Hadi ya mwakani hilo jicho la kulia litakuwa limefungwa, na likikaa sana sikuhakikishii." Sharti lilikuwa moja: kadi yake ya matibabu ithibitishwe kwenye mfumo siku mbili kabla ya kambi, yaani Jumatatu, maana kambi ilikuwa inaanza Jumatano.

Wiki mbili kabla ya Jumatatu hiyo, Mama Wino aliingia ofisini akakuta watu wamejazana mbele ya kompyuta ya mapokezi.

Kule ng'ambo kampuni ilikuwa imeweka kitu kipya ndani ya mfumo, kitu cha kuwinda majina ya bandia. Kikaenda kikikagua, nchi hadi nchi, kikafika kwao. Kikakuta katika wilaya moja watu elfu nne mia mbili na kumi na saba waliozaliwa siku moja ya mwezi mmoja. Hakikuuliza mtu. Kikawafungia wote. Ukifungua jina la mmoja wao, unaona mstari mwekundu: "Rekodi imesimamishwa kwa uchunguzi." Na rekodi ikisimamishwa, kadi ya matibabu inasimama, leseni inasimama, kila kitu kinasimama.

"Wafungulie basi," alisema mzee mmoja dirishani, mwenye fimbo.

"Siwezi, baba," alijibu karani wa mapokezi. "Anayefungua yuko ng'ambo."

"Mimi nilizaliwa hapa hapa nyuma ya soko, halafu wa ng'ambo ndiye anachunguza kama nilizaliwa?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Bosi wao, msajili wa sasa, alikuwa mtu mnene, mpole, mwoga wa simu. Siku hiyo alikaa ofisini kwake mlango umefungwa hadi saa tano, ndipo ikajulikana kwa nini. Na yeye alikuwa wa mosi Januari. Mfumo ulikuwa umemfungia na neno lake la siri pamoja naye. Hakuweza kuingia kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Fundi wa kompyuta akatuma ombi ng'ambo. Likajibiwa papo hapo na mashine: asante, namba yenu ni hii, subirini siku za kazi thelathini. Bosi akapiga moyo konde, akapigia simu makao makuu, sauti ya simu ikiwa wazi kila mtu asikie asije kusingiziwa.

"Sisi tumepewa namba, mkuu."

"Na sisi tumepewa," alijibu mtu wa makao makuu.

"Yenu ngapi?"

Akaitaja. Fundi akaiandika chini ya ile yao, akatazama, akamsukumia bosi karatasi.

"Samahani mkuu," alisema bosi taratibu. "Yaani makao makuu mko nyuma yetu kwenye foleni?"

Zikasikika karatasi zikifunuliwa. "Ndivyo inavyoonekana, ndugu yangu."

Mama Wino alikuwa amesimama karibu na mlango. Alihesabu kimya kimya. Siku za kazi thelathini ni wiki sita. Kambi ya macho ilikuwa imebakiza wiki mbili na siku mbili.

Wiki ya kwanza ikaisha hivyo hivyo. Ijumaa, bosi alimwita, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna njia. Mfumo umewafungia wa zamani, lakini mtu mpya unamkubali. "Msajili dada yako upya, kama aliyechelewa kusajiliwa. Tarehe yoyote, ilimradi isiwe mosi Januari. Mimi binafsi," akakohoa, "nimewaza kufanya hivyo."

Akarudi mezani kwake, akafungua fomu. Akajaza jina, wazazi, mahali. Mwisho kabisa kulikuwa na swali: Je, mtu huyu amewahi kusajiliwa? Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Ukitia tiki Ndiyo, ombi linakwenda ng'ambo kuchunguzwa. Ukitia Hapana, cheti kinatoka. Mkono wake ulikaa juu ya kipanya mpaka skrini ikazima yenyewe. Akavaa ushungi wake akaenda nyumbani.

Dada yake alikuwa amekaa dirishani, mikono juu ya cherehani iliyofunikwa.

"Imekuwaje?"

Akamweleza yote, kisanduku pamoja.

"Ukatia Hapana?"

"Sikutia."

"Hukutia." Dada akapapasa kifuniko cha cherehani. "Kwa hiyo mimi nipofuke kwa ajili ya tiki moja?"

"Dada, ni kuandika kwamba hukuwahi kuandikwa. Nilikuandika mimi mwenyewe. Mbele ya mama."

"Uliandika nini? Kwamba nimezaliwa mosi Januari. Ni kweli nilizaliwa mosi Januari?"

Mama Wino akavua ushungi, akaanza kuukunja.

"Na hao wengine elfu nne? Uongo elfu nne ulikushinda kuubeba? Leo mmoja tu, wa dada yako, ndio umekuwa mzito?"

Walikula bila kugombania chumvi, jambo ambalo halikuwa kawaida, na redio haikuwashwa.

Yale maneno yalimkaa rohoni Jumamosi na Jumapili. Hayakuwa ya haki yote, lakini yalikuwa ya kweli, na yeye alikuwa mtu wa kuogopa la kweli. Jumatatu asubuhi alichukua ufunguo wa stoo. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuona ule mstari, kama mtu anayekwenda kutazama mahali alipoanguka.

Daftari lilikuwa la arobaini na sita. Alilifuta vumbi kwa khanga, akalifungua, na kabla hajafika kwenye ukurasa wenyewe, jicho likatua ndani ya jalada la mbele. Palikuwa pamechapwa maneno kwa herufi nene, maneno aliyoyapita kila asubuhi miaka yote ile kama mtu anavyopita mlango wake. "Daftari hili ndilo ushahidi wa kuzaliwa mbele ya mahakama na ofisi zote za serikali. Nakala iliyoandikwa kutoka humu, ikitiwa sahihi na muhuri wa Msajili, itakubaliwa popote nchini." Chini yake namba ya sheria.

Akakaa juu ya sanduku. Akajiuliza kama kuna waraka wowote uliowahi kuja kuifuta ile sheria. Nyaraka zote zilipita mikononi mwake, kwani yeye ndiye alikuwa anazitoboa na kuzifunga kwenye jalada. Waraka wa kuleta mfumo aliukumbuka. Wa kufuta daftari hakuukumbuka, na alipokwenda kupekua, hakuuona.

Akampelekea bosi daftari lenyewe, akalilaza mezani pake.

"Soma hapa."

Bosi akasoma, akasoma tena. Akafungua kola.

"Mama, unanitafutia balaa."

"Vyeti vitupu vipo kabatini, bosi. Muhuri uko pale mlangoni unazuia upepo. Kilichobaki ni sahihi yako, na sahihi yako mtu wa ng'ambo hawezi kuifunga."

Hilo lilimwingia. Tangu afungiwe alikuwa anakwenda kazini kama mgeni, anasubiri kukaribishwa. Aliinuka, akaenda mlangoni, akautazama ule muhuri, akausukuma kidogo kwa ncha ya kiatu. Mlango ukaanza kujifunga.

"Sharti moja," alisema. "Cheti chenye mosi Januari sisaini. Wataniambia nimesaini kile kile wanachokipinga. Niletee tarehe ya kweli, yenye ushahidi, niisahihishe pembeni ya daftari kama sheria inavyoruhusu. Hapo nitasaini."

"Ushahidi upo," alisema Mama Wino, akamwonyesha safu ya mwisho.

Ilikuwa imeandikwa hivi: "Mama mzazi anasema: Nilijifungua kesho yake baada ya daraja la chuma kufunguliwa. Nilisikia bendi nikiwa na uchungu, nikamwambia mkunga, wanapiga muziki huku mimi nakufa."

"Daraja lilifunguliwa lini?" aliuliza bosi.

"Lina kibao."

Mchana ule ule akaomba ruhusa, akaenda kumchukua dada yake, ambaye hakutaka kubaki nyumbani aliposikia linahusu nini. Daraja la chuma liko mwisho wa barabara ya viwanda, si refu, na watu wanalipita bila kulitazama. Kibao kilikuwepo kweli kwenye nguzo ya kwanza, bamba la chuma lenye herufi za kutokeza. Shida ni kwamba kila waliposafisha daraja walilipaka rangi, na bamba walilipaka pia. Rangi juu ya rangi, kijivu, kijani, kijivu tena, na juu yake mabaki ya matangazo. Mama Wino alikwangua kwa rula yake ya chuma. Akainamisha kichwa huku na huku. Hakuambulia kitu ila neno "lilifunguliwa" na vivimbe.

"Sioni," alisema. "Namba sizioni."

"Nipishe," alisema dada yake.

Akasogea, akayaweka macho yake mabovu pembeni kabisa, uso ukaelekea mtoni, kama mtu asiyehusika. Akaweka vidole. Vidole vile vilikuwa vimepita kwenye mishono kwa zaidi ya miaka arobaini. Vilijua pindo lililokunjwa mara mbili na lile lililokunjwa mara tatu bila kuuliza macho. Vikatambaa juu ya bamba taratibu, vikarudi, vikatambaa tena.

"Moja," alisema. "Halafu hii ina mguu, ina mkono umekatiza. Nne. Kumi na nne. Neno linalofuata linaanza na A. Fupi... A, G, O. Agosti." Akamaliza na mwaka, tarakimu moja moja. Mwaka ulikuwa ule ule waliomkadiria kwenye daftari.

Gari la mchanga likawapita. Dada hakuondoa mkono.

"Kwa hiyo mimi ni wa tarehe kumi na tano Agosti."

"Kumi na tano Agosti."

"Wee! Na mimi siku zote nasema sipendi Januari." Akacheka, halafu akafuta mikono kwenye gauni. "Twende kabla bosi wako hajabadilisha mawazo."

Bosi hakubadilisha. Alimtuma fundi wa kompyuta aende darajani na karatasi na penseli, aibandike juu ya bamba na kulikwaruza ili namba zitokeze, na karatasi ile ikagundishwa ndani ya daftari. Akaandika marekebisho pembeni. Mama Wino aliandika cheti. Muhuri ulikuwa umeshika kutu, wakautia mafuta ya cherehani, na walipoubana ulilia kama mlango wa zamani. Nembo ikatokeza, safi.

Jumatatu ya uthibitisho, karani wa mapokezi hospitalini alikigeuza kile cheti mbele na nyuma.

"Hii ni nini, mama?"

"Cheti cha kuzaliwa."

"Hakina namba ya mfumo. Bila namba faili halifunguki."

"Faili la kompyuta halifunguki. La karatasi je?"

"La karatasi tuliacha zamani."

Foleni nyuma ilianza kunung'unika. Muuguzi mkuu wa wodi ya macho, mama mmoja mrefu aliyekuwa anapita na trei, akasimama kuuliza kuna nini. Akakichukua cheti. Hakukisoma mwanzoni, alikipitisha kidole gumba kwenye nembo.

"Huu muhuri nilikuwa nausikia hivi nilipoanza kazi," alisema. Ndipo akasoma. "Nani amesaini?"

"Msajili mwenyewe."

"Yuko tayari kuulizwa?"

"Anaogopa sana," alisema Mama Wino, maana hakuweza kusema vingine, "lakini amesaini."

Muuguzi akacheka. Akamgeukia karani. "Tafuta jalada la karatasi, andika jina. Kisu hakiulizi namba. Nikiulizwa, niite mimi."

Alhamisi dada alipasuliwa jicho la kulia. Ijumaa wakatoa bandeji. Daktari alimwonyesha vidole, dada akasema vitatu, vikawa vitatu kweli. La kushoto likaachwa hadi mwakani.

Habari ilisambaa kabla bandeji haijatoka. Jumatatu iliyofuata barabara nyuma ya mahakama ilijaa watu wa mosi Januari, na vigoda, na miavuli. Yule mzee wa fimbo alikuwa wa kwanza. Mama Wino na makarani wawili walishusha madaftari. Wenye maelezo yaliyothibitika walisahihishiwa tarehe. Wengine, ambao shangazi aliyejua alikuwa amefariki, walibaki na Januari yao, na bosi, akiwa ameshaizoea hofu, akavisaini vyeti vyao pia, bila kurudi kwenye lile sharti lake.

Siku ya tatu, mchana, mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa bosi mwenyewe.

"Na mimi nitafutieni," alisema, anatazama chini.

Wakamtafuta. Alikuwa daftari la sabini. Karani mmoja akasoma safu ya mwisho kwa sauti: "Mama anasema: Alizaliwa siku ya mnada mkubwa, alitanguliza miguu, tukadhani hataki kuja."

Ofisi ikavunjika mbavu. "Kumbe bosi alianza zamani kusitasita!" alisema fundi wa kompyuta, na bosi naye akacheka, machozi yakamtoka, akasema lete hicho cheti, naibu wangu anisainie.

Siku ya arobaini na moja jibu likaja kutoka ng'ambo. Rekodi zote elfu nne mia mbili na kumi na saba zilikuwa zimethibitishwa na kufunguliwa. Zote zilikuwa bado za mosi Januari. Ombi la kuongeza safu ya maelezo, ambalo fundi alikuwa amelichomekea bila kumwambia mtu, lilikuwa limepokelewa. Chini kulikuwa na nyota tano tupu na swali: mmeridhika kiasi gani na huduma yetu? Siku hiyo hiyo waraka wa makao makuu ukafika: vyeti vya mkono vitatambuliwa hadi mwisho wa mwaka; mkataba na kampuni umeongezwa miaka mitano. Mama Wino aliutoboa, akaufunga kwenye jalada.

"Mama, tuweke nyota ngapi?" aliuliza fundi.

"Tusipoweka?"

"Ukurasa hautafungika."

"Basi uache wazi," alisema.

Ulikaa wazi mpaka jioni. Muhuri haukurudishwa mlangoni, waliweka tofali. Watoto wapya wakaendelea kusajiliwa kwenye mfumo, kwa dakika kumi, na Mama Wino, bila waraka wowote, akawa anawaandika pia daftarini, na kuwauliza mama zao siku ile ilikuwaje.

Dada yake alikuja ofisini siku moja peke yake, kwa miguu, bila kushikwa mkono. Alisema anataka kuona huo mstari wake, siyo kusomewa. Wakamwekea daftari la arobaini na sita karibu na dirisha. Alisoma pole pole, kidole kikifuata, midomo ikitembea. Alipofika kwenye bendi na mkunga akaanza kucheka, halafu akaziba jicho kwa kiganja kwa kuwa daktari alimkataza kulisumbua.

"Huyu ni mama kabisa," alisema. "Kabisa kabisa."

Akakaa na daftari muda mrefu. Baadaye akafuta uso, akatazama huku na huku chumbani, kwenye kompyuta, kwenye madirisha, kwenye meza ya mdogo wake.

"Na hiki kibao chako," alisema, "mbona kinausomea ukuta?"

Akanyoosha mkono, akakigeuza.